Mkate wa Nyumbani katika Kalemie: Kazi ya Usiku, si Kazi ya Mikono

Kila tunapokutana kutayarisha kitabu kidogo kama hiki tunaulizana ni mambo gani yaingie na yapi yabaki nje. Juu ya bukari hakuna ubishi. Juu ya ndagala, juu ya munkoyo, juu ya muhogo uliolowekwa, hakuna anayenyanyua mkono kupinga. Lakini mtu akitaja mkate, mara moja utasikia: "Ile ni chakula ya wazungu, si mila yetu."

Neno hilo lina sehemu ya ukweli, na ndiyo maana linastahili jibu. Ngano ni mgeni kwetu, tunakubali. Lakini mkate si ngano peke yake. Mkate ni unga, maji, chachu, moto na muda, pamoja na akili ya kujua namna ya kuvipatanisha. Na katika mikate yote iko mmoja, ule mwepesi usiokandwa, unaochanganywa jioni, ukalala usiku kucha ndani ya bakuli, ukachomwa asubuhi katika sufuria. Akili inayotakiwa kwa mkate huo wamama wetu walikuwa nayo kabla ngano haijatia mguu hapa. Hilo ndilo tunalotaka kuonyesha.

Tena si ubishi wa maneno tu. Mji ambao mkate wake unategemea mashua, umeme na tanuri la mtu mwingine ni mji unaoweza kuamka siku moja bila mkate. Sisi watu wa Kalemie tumeyaona hayo zaidi ya mara moja.

Njia ya msafara

Mara nyingi tunafundisha watoto kwamba ngano ilikuja na Wabelgiji. Historia ni ndefu kuliko hapo. Katika karne ya 19, kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kupandishwa pwani ya ziwa letu, Waarabu waliokaa Unyanyembe, yaani pande za Tabora, walikuwa wanalima ngano katika bustani zao. Burton aliyepita kule miaka ya 1857 na 1858, na Stanley aliyefika mwaka 1871, wote wawili waliandika juu ya ngano hiyo. Toka Tabora njia ya msafara ilikwenda Ujiji, toka Ujiji watu walivuka ziwa kwa mitumbwi na majahazi hadi Mtowa, jirani kabisa na mji wetu wa leo, halafu wakashika njia ya Manyema kwenda Kasongo na Nyangwe.

Njia hiyo ilikuwa njia ya machungu. Ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watumwa, na hatuwezi kuisifu. Lakini ndiyo ilileta pia lugha hii tunayoandika, na pamoja na lugha yakaja maneno ya jikoni na mambo ya jikoni: wali, pilau, vitumbua, sambusa, na neno lenyewe mkate.

Tujiulize basi: huko pwani, neno mkate lilimaanisha nini? Halikuwa lazima liwe donge la ngano lenye umbo la tofali. Pwani kuna mkate wa mofa, unaotengenezwa kwa mtama na kubandikwa katika tanuri la udongo. Kuna mkate wa kumimina, unaotokana na mchele uliolowekwa na kusagwa pamoja na nazi. Huu wa pili utazame vizuri. Haukandwi hata kidogo. Unachanganywa ukiwa majimaji, unatiwa hamira, au zamani tembo la mnazi lililo na chachu yake yenyewe, unaachwa mpaka uumuke, halafu unamiminwa katika sufuria na kuwekewa makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Chachu, subira, chombo kilichofunikwa, moto wa pande mbili. Tukumbuke mambo haya manne, maana tutayakuta tena mbele.

Hostia ya mapadri

Mlango wa pili wa ngano ulikuwa kanisa. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo cha Mpala, kusini ya Kalemie kwa kufuata pwani, na mwaka 1885 kituo hicho kikapewa mikononi mwa Mapadri Weupe. Mwaka 1893 mapadri hao walianzisha misioni ya Baudouinville, ambayo leo tunaiita Moba-Kirungu. Upande wetu huku, Kapiteni Jacques alikuwa amekwisha kujenga ngome ya Albertville mwishoni mwa mwaka 1891.

Padri anaweza kula bukari kila siku, na wengi walikula. Lakini padri hawezi kusoma misa kwa bukari. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka hostia itokane na ngano tupu, na katika mapokeo ya Kilatini iwe bila chachu. Kwa hiyo popote altare ilipowekwa, lazima ngano ipatikane, iwe ya kulima au ya kuletwa kwa mabega ya wapagazi. Hivyo wazee wetu wengi waliobatizwa walionja ngano kwa mara ya kwanza wakiwa wamepiga magoti, kipande chembamba kama jani, si mezani.

Hilo liliacha alama katika mawazo. Ngano ikawa kitu cha heshima, kitu kilicho mbali. Hata tafsiri za sala zilikuwa na shida nayo. Katika Baba Yetu, Wakatoliki wa Tanzania wanaomba mkate wa kila siku, lakini Biblia ya Union Version iliyotoka mwaka 1952 imeweka neno riziki mahali pale. Watafsiri hao walijua kwamba kwa watu wengi wa nchi zetu chakula cha kila siku si mkate.

Meli na reli

Mlango wa tatu ulikuwa mpana zaidi. Mwaka 1914 Wajerumani walifikisha reli yao Kigoma toka Dar es Salaam. Mwaka 1915 kampuni ya CFL ilimaliza reli ya Kabalo hadi Albertville. Baada ya vita, kwa mapatano ya mwaka 1921, Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu zao za bandari katika Kigoma na Dar es Salaam. Tokea hapo mzigo uliotoka Bahari ya Hindi ulipanda treni hadi Kigoma, ukavuka ziwa kwa meli, ukapanda treni nyingine Albertville na kuingia ndani ya Kongo. Mji wetu ukawa mlango, na kupitia mlango huo unga wa ngano wa magunia uliweza kufika bila kutegemea bustani ya mtu yeyote.

Lakini kufika si kugawanywa. Mfanyakazi wa reli, wa bandari, wa machimbo ya makaa ya mawe ya Lukuga, na baadaye wa kiwanda cha nguo cha Filtisaf, posho yake ilikuwa unga wa mihindi au wa muhogo, maharagi, samaki, mafuta ya mawese. Mkate ulikuwa wa mezani kwa wazungu. Aliyeujua kwa mikono yake alikuwa mpishi wao. Asubuhi anauchoma katika jiko la Madamu, jioni anarudi kwao kula bukari. Mkate unaujua, lakini si wako.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia mambo yalizidi kupata jina. Mwaka 1948 serikali ya koloni ilianzisha kadi ya mérite civique, na mwaka 1952 ikaja immatriculation kwa wale walioitwa évolués. Aliyeomba alichunguzwa. Waliangalia nyumba yake, mke wake, meza yake, namna anavyokula. Katika hali hiyo mkate, siagi na kahawa ya asubuhi havikuwa chakula tu, vilikuwa cheti. Mtu alikula mkate ili aonekane. Ndiyo maana wazee wengine mpaka leo wanautazama kwa jicho baya, na hatuwezi kuwalaumu. Mkate ulitumiwa kuwatenga watu, huyu mstaarabu, huyu si mstaarabu.

Kinachotufurahisha ni kwamba mpango huo haukushinda. Wapishi walikuwa na wake, na wake walikuwa na macho na masikio. Maneno kama levire, ambayo ndiyo hamira, yaliingia katika Kiswahili cha hapa bila kuomba ruhusa. Akina mama hawakuwa na jiko la Madamu. Walikuwa na mbabula, makala, sufuria na bati la kufunika. Ndivyo ngano ilivyoanza kubadilika kuwa chakula cha sokoni na cha nyumbani: mandazi, vitumbua vilivyochanganywa unga wa ngano, na mkate wa kuchomwa katika sufuria.

Miaka ya taabu

Uhuru ulifungua bulanjeri kwa kila mwenye pesa, na watu wa mjini wakazoea mkate wa kununua. Lakini mazoea hayo yalisimama juu ya miguu dhaifu. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza zairianisation, na maduka na kazi nyingi za wageni zikapewa watu wasiokuwa tayari kuziendesha. Katika miaka iliyofuata bidhaa nyingi za kutoka nje zikawa tabu kupatikana. Mwaka 1998 vita ikaingia Kalemie, na mpaka mwaka 2003 mji ulikuwa upande wa waasi, umetengwa na Kinshasa na hata na Lubumbashi. Reli haikuwa na uhakika, ziwa halikuwa na uhakika. Mwenye tanuri kubwa anahitaji magunia mengi kila juma na wateja wengi kila siku, na vita inamwondolea vyote viwili. Mama mwenye sufuria anahitaji makopo matatu ya unga.

Amani iliporudi, shida ikaja kwa sura nyingine. Umeme wetu unatoka Bendera, nao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Mwaka 2022, vita ya Urusi na Ukraine ilipandisha bei ya ngano dunia nzima, maana nchi hizo mbili ni kati ya wauzaji wakubwa wa nafaka hiyo. Mtu wa Lukuga ambaye hajawahi kuiona Ukraine kwenye ramani aliambiwa na muuza mkate kwamba vita ya kule imefika mezani pake. Mwaka 2024 tena maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika nyumba za watu wa pwani.

Hatuseme kwamba mkate wa sufuria unamaliza matatizo hayo. Unga bado lazima ununuliwe, na bado unavuka ziwa. Tunasema tu kwamba kati ya gunia na mdomo wa mtoto kuna hatua nyingi, na kila hatua tunayoweza kuifanya wenyewe ni hatua moja ambayo hakuna anayeweza kutufungia.

Ujuzi tuliokuwa nao

Turudi sasa kwa ile akili tuliyosema. Tazama muhogo mchungu. Ukiula vile ulivyo, unaweza kukuua, maana una sumu ya sayanidi. Wamama wanaumenya, wanaulowesha majini siku tatu au nne, na katika siku hizo hakuna anayefanya kazi. Kazi inafanywa na vijidudu visivyoonekana. Muhogo unalainika, unatoa harufu yake tunayoijua, sumu inaondoka pamoja na maji, halafu unaanikwa na kutwangwa. Ni nani aliyewafundisha wamama hao kwamba kuacha ni namna ya kutengeneza?

Tazama munkoyo. Uji wa mihindi unapikwa, unapozwa, unatiwa mizizi iliyopondwa. Asubuhi ule uji mzito umekuwa mwepesi, mtamu, na baadaye mkali kidogo. Mizizi ile ina vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, na chachu ya hewani inamaliza iliyobaki. Na tazama muuza mandazi, au benye kama vijana wanavyosema. Jioni anachanganya unga wake, anaufunika kwa kitambaa, analala. Saa kumi ya usiku anaamka kuwasha mafuta, na unga umekwisha kujiandaa wenyewe.

Hao wote wanajua jambo moja ambalo vitabu vingi vya mapishi vya Ulaya vililificha nyuma ya kukanda, kukanda na kukanda. Jambo hilo ni kwamba muda ni mfanyakazi. Na wale wanaosema mkate si mila kwa sababu ngano imetoka nje, tuwakumbushe kwa upole: muhogo na mihindi, nguzo mbili za bukari wetu, zilitoka Amerika, zikaletwa Afrika na Wareno kuanzia karne ya 16. Hakuna anayesema leo kwamba bukari ni chakula cha Wareno. Mmea unaweza kuwa mgeni, na mila ikawa yako, ukiufanyia kazi kwa njia yako.

Wengine waligundua baadaye

Sehemu nyingine za dunia zimefika kwenye njia hiyohiyo kwa kuzunguka. Huko Uingereza, katika miaka ya 1940, wakati wa vita na uhaba, mama mmoja aitwaye Doris Grant alieneza mkate wa unga usiokobolewa ambao haukandwi, na mpaka leo Waingereza wanauita kwa jina lake. Tarehe 8 Novemba 2006, gazeti la The New York Times lilichapa makala ya Mark Bittman juu ya mwokaji Jim Lahey wa Sullivan Street Bakery, New York. Lahey alionyesha kwamba mtu wa kawaida nyumbani anaweza kupata mkate wenye ganda gumu na tundu kubwa ndani, kama wa mafundi, bila mashine na bila kukanda. Siri yake ilikuwa tatu: maji mengi, hamira kidogo sana na usiku mrefu, halafu chungu kizito kilichofunikwa. Makala hayo yalizunguka dunia, na watu wakashangaa.

Sisi hatuna sababu ya kushangaa sana. Lahey ni fundi na tunampa heshima yake, vipimo vyake ni vizuri na tumevifuata hapa chini. Lakini chachu, subira, chombo kilichofunikwa: si ndiyo yale mambo ya mkate wa kumimina? Moto wa juu na chini ndio peke yake hakuuhitaji, maana jiko lake la umeme au gesi linaufanya. Kwetu makala yanaufanya.

Kwa nini usiku unatosha

Wasomaji wetu wengi ni walimu, kwa hiyo tueleze kidogo. Unga wa ngano una protini za namna mbili ambazo zikikutana na maji zinashikana na kuwa utando unaovutika. Utando huo unaitwa glutini, na ndio unaokamata hewa ya chachu ili mkate usimame. Kukanda kunazisukuma protini hizo zikutane haraka, katika dakika kumi hivi. Lakini unga ukiwa na maji ya kutosha, protini zina nafasi ya kutembea, na zikipewa saa nyingi zinakutana zenyewe. Hewa ya chachu inayopanda polepole inauvuta utando na kuunyoosha, kama kukanda kwa ndani. Wakati huohuo hamira kidogo inayofanya kazi taratibu inatoa ladha ambayo mkate wa haraka hauna.

Chungu nacho kina sababu yake. Unga wenye maji mengi ukifungiwa ndani ya chombo cha moto unatoa mvuke. Mvuke unazuia ganda lisikauke mapema, mkate unapata nafasi ya kupanuka. Bulanjeri kubwa zina mashine ya kuingiza mvuke katika tanuri. Kifuniko cha sufuria kinafanya kazi hiyo bure.

Namna ya kuufanya katika nyumba ya Kalemie

Jioni, pima vikombe vitatu vya unga wa ngano, yaani kama gramu 400. Tia kijiko kidogo kimoja na robo cha chumvi, na robo tu ya kijiko kidogo cha hamira kavu. Usiongeze hamira kwa kuona ni kidogo, maana usiku utafanya iliyobaki. Tia maji ya baridi kikombe kimoja na theluthi, kwa kikombe kilekile. Changanya kwa mkono au mwiko mpaka usione tena unga mkavu. Haitachukua hata dakika mbili. Donge litakuwa laini na lenye kunata. Vema, liache hivyo, usiongeze unga.

Funika bakuli kwa sahani au kitambaa chenye maji, weka mbali na sisimizi. New York wanangoja saa 12 mpaka 18. Kwetu kuna joto, saa 8 mpaka 10 zinatosha, na katika miezi ya joto kali hata chini ya hapo. Usiangalie saa peke yake, angalia unga. Umepanda karibu mara mbili, juu una mapovu, unanukia kidogo kama pombe changa: uko tayari. Ukiuacha mpaka ushuke na kuwa mkali, mkate hautasimama vizuri.

Asubuhi nyunyiza unga kidogo juu ya ubao, mimina donge, likunje toka pande nne kuja katikati kama barua, ligeuze, lifunike kwa kitambaa chenye unga. Ngoja saa moja. Wakati huo washa mbabula mbili, au moja yenye makala mengi. Tafuta sufuria nzito. Sufuria nyepesi ya alminiamu usiiweke tupu juu ya moto mkali, itaharibika, na chini ya mkate utaungua. Dawa yake ni hii: chukua sufuria kubwa, tia mchanga mkavu wa vidole viwili, weka juu yake sufuria ndogo, funika kwa bati. Mchanga unagawanya moto vizuri.

Sufuria ikipata moto, kama nusu saa, weka donge ndani kwa uangalifu, funika, panga makala yanayowaka juu ya bati. Makala ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Ngoja nusu saa bila kufunua, maana kila ukifunua unafukuza mvuke. Halafu acha mvuke utoke, rudisha makala ya juu, ngoja robo saa mpaka ganda liwe la kahawia. Toa mkate, gonga chini yake kwa kidole. Ukilia kama ngoma tupu, umeiva. Ukilia kwa uzito, urudishe. Na usiukate mara moja hata kama watoto wanalia, ndani bado unamalizika kuiva.

Anayetaka kupunguza ngano anaweza kuweka unga wa muhogo uliotayarishwa vizuri, sehemu moja kati ya kumi. Muhogo hauna glutini, kwa hiyo ukizidisha mkate utakuwa mzito. Lakini kwa sehemu moja ya kumi mkate unasimama, na kidogo cha pesa kinabaki kwa mkulima wa hapa badala ya kuvuka ziwa.

Yanayobaki kwetu

Tumetoka mbali: bustani za Unyanyembe, altare ya Mpala, magunia ya Kigoma, meza ya évolué, miaka ya vita, hadi mbabula ya nyuma ya nyumba. Katika safari hiyo yote ngano ilikuja mara nyingi kama kitu cha mkubwa. Kila mara watu wadogo wa jikoni waliishusha mpaka ikafika chini, mahali ambapo kila mtu anaweza kuishika. Kwetu sisi hiyo ndiyo mila. Ni kazi ambayo watu wameifanyia kitu mpaka kikawa chao, hata kama hakikuwapo tangu mwanzo.

Hatari iliyopo sasa si kwamba ngano itatumeza. Hatari ni kwamba ujuzi wa usiku utapotea. Kijana wa leo anaona aibu kusema nyumbani kwao wanachoma mkate katika sufuria, anaona wa bulanjeri ndio mkate. Bibi anayejua kwa harufu kwamba muhogo umeiva majini, au kwamba munkoyo uko tayari, hajaandikwa popote, na hana vipimo vya gramu. Ana pua na mikono. Akiondoka, anaondoka navyo.

Kwa hiyo tunaomba kila mwalimu anayesoma kitabu hiki awatume wanafunzi wake kwa bibi zao, katika Lac, Lukuga na Kalemie, wakaulize namna tatu: muhogo unalowekwaje, munkoyo unatiwaje mizizi, unga wa mandazi unalazwaje. Waandike kwa lugha ileile ya bibi, bila kuisahihisha. Halafu darasa zima lichange vikombe vitatu vya unga, wachanganye jioni, wachome asubuhi, wagawane. Mtoto aliyeona unga unapanda wenyewe usiku, bila mashine na bila mzungu, hatahitaji makala marefu kama haya kumwambia kwamba mkate pia ni wake.